Pembe za Musa na Samaki wa Yunus

Nilipowaarifu wenzangu wa barazani, pale Ngamiani tunapokutana kwa kahawa baada ya swala ya isha, kwamba nakwenda Roma kumtazama binti yangu aliyepata huko kazi ya miezi sita, na kwamba nitafuatana na mwanawe, mjukuu wangu, ambaye wakati huo alikuwa ametimiza miaka sita na hajafika saba, nilipewa nasaha za namna mbili, zote zikitoka katika nyoyo safi. Mmoja wao, seremala mstaafu ambaye hakuna mlango wa kuchonga katika mji wa Tanga asioweza kukwambia umetoka mkononi mwa nani, aliniambia kwamba kumsimamisha mtoto wa umri ule mbele ya kazi za mafundi wakubwa wa dunia ni kumwaga maji mchangani, kwani hatakumbuka ila ndege na aiskrimu. Afadhali aachwe na shangazi yake mpaka apate akili. Wa pili, Maalim anayemsomesha mtoto huyo huyo chuoni, hakugusa habari ya nauli wala ya umri. Aliuliza tu, kwa upole wake wa siku zote, kama nimefikiri vema juu ya kumtia mtoto ambaye ndiyo kwanza anamaliza Juzuu Amma katika majumba yaliyojaa masanamu.

Nimekwisha rudi kitambo, na maneno yale ya wazee wawili nimeyapima na kuyapima tena, nami naona yafaa kuyajibu gazetini badala ya barazani, kwa kuwa wasafiri wenye watoto wanazidi miongoni mwetu, wengine wakienda Ulaya kutazama jamaa zao, wengine wakiwa katika misafara ya hija ya Kikatoliki, wengine wakichelewa siku mbili tatu katika mji wa kubadilishia ndege, na aghalabu yao hufanya kosa lile lile nililolifanya mimi siku ya kwanza. Rai yangu ni kwamba mtoto apelekwe, tena apelekwe mapema, ila aonyeshwe kitu kimoja kwa siku, na mbele ya kitu hicho yeye ndiye awe mwenye kuuliza.

Kosa langu lilianza Tanga kabla hatujapanda hata basi la kwendea Dar es Salaam. Nilinunua daftari nikaandika humo mambo 22 ambayo mtu aliyefika Roma hana udhuru wa kutoyaona, nikayagawa kwa siku kama karani wa bandari agawavyo shehena, na siku ya kwanza nikaiandikia Vatican yote: majumba ya makumbusho, Kikanisa cha Sistina, na Basilika la Mtakatifu Petro. Tulijiunga na kundi la wageni lililotanguliwa na kijana mmoja aliyeinua mwavuli wenye kitambaa cha manjano, kijana mwenye elimu nyingi ambaye alijua kila kitu isipokuwa kusimama. Mjukuu wangu hakutozwa kitu mlangoni, maana wasiofika miaka 7 huingia bure, na ukihesabu alichokiona katika saa mbili za mwanzo utakiri kwamba bei ile ilikuwa ya haki. Aliona migongo. Aliona mikanda, mikoba, magoti, na chupa za maji zinazoning'inia, akivutwa mkono ukumbi hata ukumbi, ilhali juu ya utosi wake dari za dhahabu na rangi zilikuwa zikimpita kama nchi nzuri impitavyo abiria wa usiku.

Hatimaye tukasukumwa ndani ya kile Kikanisa, kilichopewa jina la Papa Sixtus IV aliyeamuru kijengwe, kikamalizika 1481. Ni ukumbi wa mita 40 na kitu kwa urefu, na dari lake liko mita 20 juu ya vichwa vya watu. Michelangelo alilichora kati ya 1508 na 1512, kisha akarudi akiwa amepita miaka 60 auchore ukuta wa nyuma ya madhabahu, ambako Siku ya Hukumu ilimshughulisha kuanzia 1536 hata 1541. Husemwa na wengi, nami nilisema hivyo miaka mingi, kwamba mtu yule alilala chali akachora. Kumbe alisimama, juu ya jukwaa alilolibuni mwenyewe, shingo ameipindua nyuma na rangi ikimdondokea usoni, naye wakati wote akijihesabu kuwa ni mchongaji wa mawe aliyepewa kazi isiyo yake. Katika ukumbi huo picha hairuhusiwi kupigwa, na kimya ni sharti, na kila baada ya dakika chache mlinzi hupaza sauti yake kuwakumbusha watu sharti hilo.

"Babu," mtoto akaniuliza, "mbona anayetwambia tunyamaze ndiye anayepiga kelele?"

Nikamfinya bega. Naliandika hili kwa haya, kwa kuwa swali lilikuwa la busara kuliko lolote lililoulizwa ukumbini mle siku ile, na jibu nililompa lilikuwa la vidole viwili. Lakini Mwenyezi Mungu hakutaka tutoke mikono mitupu. Kando ya kuta za Kikanisa yapo mabenchi, na mtu mmoja mwenye huruma alipoinuka tukapata nafasi. Mtoto akanilalia mapajani, uso juu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akawa amekielekea kitu kile kile tulichokijia. Akatazama kwa muda. Kisha akanyoosha kidole hadi mwisho wa dari, juu kabisa ya madhabahu, alipo mtu mkubwa aliyejitupa nyuma, miguu ikining'inia na samaki ubavuni pake.

Nikamwambia kwa kunong'ona kwamba hao watu wamemchora mtu wanayemwita Yona, nasi twamwita Nabii Yunus, na kwamba sisi hatuwachori mitume, ila wao wanawachora. Kisa cha Yunus alikuwa anakijua vizuri, kwani Maalim alikwisha wahadithia. Akamtazama samaki. Mtoto huyu babu yake wa upande wa baba ni mvuvi, na asubuhi za Jumamosi hushuka naye soko la samaki la Deep Sea, mahali ambapo papa huburutwa kwa kamba na watu wanne.

"Samaki mwenyewe mdogo," akasema. "Huyu hata mimi hanimezi."

Nilicheka kwa sauti, na mlinzi akaninyooshea mkono. Nami miaka arobaini nimekuwa nikiitazama picha ile katika vitabu, nikajifunza humo kwamba dari mahali pale limeinama kuelekea mbele, na kwamba ustadi wa mchoraji ni kumfanya mtu aliyechorwa juu ya kitu kilichoinama mbele aonekane ameegemea nyuma, jambo ambalo mafundi wenziwe walilistaajabia tangu zama zile. Lakini samaki sikupata kumpima. Ni kweli, ni mdogo. Ametiwa pale awe alama ya kumtambulisha mwenyewe, kama vile funguo zinavyotiwa mkononi mwa Petro, na mchoraji hakujali kama kinywa chake kingetosha. Jambo hilo nilielezwa na mtoto ambaye seremala alisema hataona kitu.

Lau ningaliondoka naye wakati ule, siku ingalikuwa njema. Lakini daftari lilikuwa mfukoni, na daftari halina masikio. Nikamkokota hadi ndani ya Basilika, tukamgusa mguu Petro wa shaba, ambaye vidole vya mguu wake wa kulia vimelika kwa mikono na midomo ya mahujaji wa karne nyingi, tukafika mbele ya Pietà, iliyokingwa kwa kioo tangu mtu mmoja aipige nyundo mwaka 1972. Na hapo, mbele ya mama wa marumaru aliyempakata mwanawe maiti, mjukuu wangu akaketi sakafuni akalia kilio cha kuvuta watu. Bibi mmoja aliyekuwa karibu nasi akaguswa sana, akadhani mtoto ameingiwa na huzuni ya sanamu. Alikuwa na njaa, na viatu vilikuwa vipya.

Jioni binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akalitwaa daftari, akaliweka juu ya kabati. "Baba, huyu ni mtoto, si shehena," akasema. "Kesho nendeni mahali pamoja tu. Mkirudi atanisimulia yeye. Wewe usiseme kitu." Kanuni hii, basi, ni yake, wala sidai heshima ya kuibuni.

Siku ya pili tukapanda ngazi za nyuma ya Colosseum kwendea kanisa la San Pietro in Vincoli, ambamo minyororo inayosadikiwa kuwa ni ile aliyofungwa Petro imehifadhiwa chini ya madhabahu. Mlangoni mtoto akainama kufungua kamba za viatu. Hakuna aliyemwambia, kwake yeye nyumba ya kumwabudu Mungu ni nyumba ya kuvua viatu, na kuona watu wazima wanaingia na viatu vyao kulimshangaza kuliko sanamu yoyote aliyoiona baadaye. Nikamweleza kwamba hapa taadhima huonyeshwa kichwani: wanaume huvua kofia na kubaki na viatu, ilhali sisi huvua viatu na kubaki na kofia. Nikavua yangu ya vito, akavua yake, tukazishika mkononi. Mintarafu wasiwasi wa Maalim, nadhani mlango ule ulisema nusu ya jibu. Mtoto ambaye hajapata kuona namna ya wengine hawezi kujua kwamba namna yake ni namna. Huidhania kuwa ndiyo hewa yenyewe.

Ndani, upande wa kulia, ameketi Musa. Michelangelo alimchonga yapata 1513 hadi 1515 kwa ajili ya kaburi la Papa Julius II, yule yule aliyemchorisha dari, kaburi lililoagizwa 1505 likiwa kubwa kupita kiasi, likapunguzwa na kupunguzwa, likakamilika 1545 baada ya miaka 40 ya mabishano na warithi. Na Papa mwenyewe hata hakuzikwa humo. Musa ameketi, na kwa kuketi huko huko anapita mita mbili. Ndevu zimeteremka mpaka mapajani, na vidole vya mkono wa kulia vimezama ndani yake kama vya mtu anayezichana huku anafikiri. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi kuhusu vidole vile. Sikupata nafasi.

"Babu, ana pembe."

Anazo, mbili, fupi, zimetokeza katika nywele. Nikakaa naye juu ya ngazi ya nguzo, nikamweleza polepole. Katika Taurati imeandikwa kwamba Musa alipoteremka mlimani ngozi ya uso wake ilikuwa iking'ara, na neno la Kiebrania lililotumiwa hapo limejengwa kwa herufi tatu, q na r na n, ambazo zaweza kuleta maana ya kutoa miali na zaweza kuleta maana ya pembe. Jerome, aliyeifasiri Biblia kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa ile iliyofuata, akaiandika kwa maana ya pembe. Wapo wanazuoni wanaomtetea, wasemao kwamba alikusudia pembe za utukufu, si za mnyama. Lakini wachongaji na wachoraji wa Ulaya waliokuja baadaye walisoma walichokisoma, wakamwotesha Musa pembe. Nikamuuliza mtoto: chuoni mwenu, katika Sura ya Kahf, yupo mtu anayeitwa nani? Hakukumbuka, nami sikumlaumu, ni sura ndefu. Nikamwambia yupo Dhul-Qarnayn, maana yake mwenye pembe mbili, na kwamba neno lile lile la Kiarabu, qarn, ambalo ni pembe, ndilo lililotupa sisi neno karne. Herufi tatu hizi zimesafiri sana: kwa Waebrania zikatoa mwanga, kwa Warumi zikatoa pembe, na kwetu Tanga zikatoa miaka mia.

Akafikiri. "Kwa hiyo walikosea?"

"Walikosea kusoma."

"Na hakuna aliyewaambia?"

Mtu aweza kusoma vitabu vingi vya historia ya dini asikutane na swali kama hilo limewekwa waziwazi hivyo. Nikamwambia kwamba waliambiwa, ila watu walikuwa wamekwisha kumzoea Musa mwenye pembe, na kuzoea kuna nguvu kuliko kuambiwa. Akaridhika, akaenda kuketi chini mbele ya kizuizi, akarudisha mguu wa kushoto nyuma kama alivyoketi Musa, akatia vidole katika ndevu asizokuwa nazo. Tulikaa mle zaidi ya nusu saa. Makundi matano au sita yalikuja na kutoka, na nilihesabu wazazi wanne waliowasimamisha watoto wao mbele ya sanamu na kuwageuza waielekee simu, hivi kwamba mtoto akawa amekipa mgongo kitu alichosafirishwa kukiona, kisha wakaondoka. Nadhani hakuna namna nyepesi zaidi ya kumnyima mtu kitu huku ukiwa na ithibati ya picha kwamba ulimpa.

Siku nyingine tuliingia San Luigi dei Francesi, kanisa la Wafaransa, ambamo Caravaggio aliacha picha tatu za Mathayo, ya kuitwa kwake ikiwa ya mwaka 1599 hadi 1600. Pembe ile ya kanisa ni giza, na taa ya kuangazia picha huwaka ukitia sarafu katika kisanduku. Baada ya muda mfupi hujizima. Mtoto alitia sarafu, mwanga ukamwagika juu ya meza ya watoza ushuru, na alipokuwa bado anautazama mkono uliomnyooshea Mathayo kidole, giza likarudi. "Babu, luku imekwisha!" akasema, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa katika nyumba ambayo umeme hununuliwa kabla ya kutumiwa. Tulinunua mwanga mara tatu. Sikumwambia kitu juu ya Caravaggio, ila kwamba naye alipenda kuchora mwanga unaoingia mahali pa giza.

Sasa nirudi kwa Maalim, kwa kuwa hoja yake haipasi kujibiwa kwa mizaha ya watoto. Dini yetu haitii sanamu msikitini, na mzazi Mwislamu anayejifanya kwamba tofauti hiyo haipo anamdanganya mwanawe; wala Mkristo anayempeleka mtoto wake Istanbul au Cordoba hana haja ya kujifanya kwamba mihrabu ni mapambo. Mjukuu wangu aliniuliza kama watu wale wanaabudu mawe. Nilimjibu kwamba ukiwauliza wenyewe watakwambia wanamwomba Mungu, na sanamu ni za kuwakumbusha; sisi hatufanyi hivyo na sababu zetu atazisoma kwa Maalim; na nyumba hii ni yao, nasi tu wageni, na mgeni hakosoi mpangilio wa sebule ya mwenyeji. Jibu kama hilo halikubuniwa Roma. Watoto wa Unguja, Waislamu kwa Wakristo, wamekuwa wakiingia kanisa la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huo huo, na wakionyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu na mafundi wakati Askofu Steere hayupo. Wakicheka, wakatoka, wakenda zao madrasa. Sijasikia kwamba nguzo zile zimewahi kumtoa mtu katika dini yake.

Kuna jambo moja lililonifanya niandike, nalo liko katika kanisa la Santa Maria Maggiore, mojawapo ya mabasilika manne makuu ya Roma, ambamo Papa Francis alizikwa Aprili 2025. Sisi tulifika kabla ya hapo, na watu hawakuwa wengi. Kuta zake zina michoro ya vijiwe ya karne ya 5 ambayo macho yangu yaliitamani, lakini kanuni ni kanuni. Tukaenda moja kwa moja penye chumba cha ubatizo. Humo, katika mji ambao marumaru nyeupe imechongwa hata watu wakaamini kwamba watakatifu wote walikuwa wa rangi ya maziwa, ipo sanamu ya kifua na kichwa cha mtu ambaye uso wake ni wa jiwe jeusi, mwenye vazi la wavu la kwao na podo la mishale, kazi ya mchongaji Francesco Caporale. Ni Antonio Manuel Ne Vunda, balozi wa Mfalme Álvaro II wa Kongo, ufalme uliokuwa katika nchi ambazo leo ni Angola na Kongo zote mbili, na ambao mfalme wake wa kwanza kubatizwa alibatizwa mwaka 1491. Mfalme alimtuma kwa Papa mwaka 1604, akitafuta njia ya kusemezana na Roma pasipo kupita mikononi mwa Wareno. Alipita Brazil, akanyang'anywa mali yake na maharamia baharini, akacheleweshwa Ureno na Hispania, akaingia Roma Januari 1608 akiwa mgonjwa taabani, na siku chache baadaye akafa. Waroma wakamwita Nigrita, yaani mweusi, kana kwamba jina lake la ubatizo na la ukoo hayakutosha.

Mtoto alimtazama bila kusema kitu kwa muda ambao si kawaida yake. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia, ingawa ningalipaswa kulitarajia, kwa kuwa mwaka uliotangulia shule yao iliwapeleka Bagamoyo.

"Alikuwa mtumwa?"

"La. Alikuwa balozi. Mfalme wake alimtuma."

Akataka kujua aliondoka kwao lini na akafika lini. Nikamwambia, naye akahesabu kwa vidole, akapata minne. Akavishika vidole vile vinne kwa mkono wa pili, kama mtu aliyeshika kitu kizito.

"Na alipofika, akafa kabla ya kuonana naye?"

Nikamwambia kwamba alipokuwa hawezi kuinuka, Papa Paulo V alikwenda mwenyewe kitandani kwake kumtazama, na kwamba tukio hilo lilichorwa ukutani katika Maktaba ya Vatican.

"Basi alifika," akasema, akaachia vidole.

Hapo nilitaka kumweleza habari za Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kufanywa kardinali, mwaka 1960, ambaye kwa desturi ya kuwapa makardinali kanisa moja la Roma liwe kwa jina lao alipewa lile la San Francesco a Ripa, ng'ambo ya mto Tiber. Lakini nje ya kanisa lipo bomba, na mtoto alikuwa na kiu. Mji ule una zaidi ya 2,000 ya mabomba hayo ya barabarani, maji yake baridi yakitoka usiku na mchana bila malipo, na ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole maji huruka juu kupitia tundu dogo hata ukanywa kama kwenye chemchemi. Kati ya kardinali na bomba, bomba lilishinda, nami sikulinung'unikia.

Tuliporudi Tanga seremala alimwita mtoto barazani, akamweka mbele yake kama shahidi. "Haya, bwana mdogo, uliona nini Roma?" Alisimuliwa samaki asiyeweza kummeza mtu, na pembe zilizotokana na kusoma vibaya, na mtu wa Kongo aliyefika. Aiskrimu haikutajwa, ingawa tulikula nyingi. Kisha mtoto akaketi kama Musa, akaonyesha vidole vilivyozama ndevuni. Seremala, ambaye amechonga miti miaka hamsini, akaweka kikombe chake chini. "Jiwe hilo? Vidole vimeingia ndani ya ndevu, si juu yake?" Mtoto akasema ndani. Seremala akamtaka arudie kuonyesha, na mara hii akainama kutazama.

Maalim hakusema kitu usiku ule. Kesho yake nilipita nyuma ya chuo nikamsikia akiwaeleza watoto maana ya qarn.

Sisemi kwamba kila mtoto ataketi mbele ya Musa nusu saa, na mke wangu husema kwamba nilibahatika tu. Wengine watalia mlangoni, na mtoto anayelia atolewe nje apewe maji na mkate, kwa kuwa hakuna kazi ya fundi yeyote inayoweza kushindana na njaa. Lakini msomaji ambaye Mungu atamjalia kupita Roma na mtoto, namwomba aliache daftari lake juu ya kabati. Santa Maria Maggiore hufunguliwa saa 1 asubuhi, na kuingia hakuna malipo. Chumba cha ubatizo kiko upande wa kulia ukishaingia. Ukikuta kimefungwa, mwulize mlinzi. Mvue mtoto kofia, umwachie viatu.